Mwalimu wa Kiingereza Katoka Wapi?

Hapa Kyela mtoto huanza na Kinyakyusa nyumbani, akasoma kwa Kiswahili shuleni, jioni akaja kwangu chuoni kwa alifu na bee. Kiingereza kwake ni lugha ya nne, nacho ndicho atakachosomeshewa sekondari.

Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu za Tanzania, wakaona wanafunzi wengi wa sekondari hawakifahamu Kiingereza wanachosomeshewa. Baadaye Uingereza ikaleta mradi wa vitabu na mafunzo. Vitabu ni kheri. Lakini mwalimu naye katoka madarasa yale yale! Chuoni hatumpi mtu wanafunzi mpaka asikilizwe kwanza yeye, herufi kwa herufi.

Wataniambia nasi twasomesha bila ya maana. Sawa, lakini hatumtahini mtoto jiografia kwa Kiarabu.