Rio kwa siku nne: Acheni siku moja wazi

Wazazi wengi wanaopeleka watoto Rio de Janeiro, Brazil, hujaza ratiba ya siku zote nne kabla ya kufunga mizigo. Kosa huanzia hapo. Sanamu ya Kristo Mkombozi, iliyozinduliwa mwaka 1931, iko kwenye kilele cha Corcovado, mita zipatazo 710 juu ya bahari. Wingu likitanda, mtoto hupanda treni hadi juu asione kitu ila ukungu, na nauli imekwenda.

Basi siku ya Corcovado isifungwe. Asubuhi mzazi atazame mlimani kwanza. Sanamu ikionekana, safari. Isipoonekana, familia iende bustani ya mimea, Jardim Botânico, iliyoanzishwa mwaka 1808.

Ufukwe wa Copacabana, wa kilomita 4 hivi, nao una masharti yake. Mawimbi hupiga karibu na nchi kavu na huvuta kwa nguvu. Bendera nyekundu ikipepea, watoto wacheze mchangani, hata wanaojua kuogelea.

Anayeweza kuchagua msimu aende Juni hadi Agosti, mvua zikiwa chache. Hata hivyo, siku moja ibaki wazi.