Takwimu Zina Wenyewe

Mjukuu wangu, kwa kuwa unaingia katika kazi ya tathmini, acha nikusimulie nilivyoifahamu mimi. Niliondoka hapa Chitete tukiwa bado Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya, kabla Momba haijawa wilaya wala Songwe haijawa mkoa, nikaenda kujifunza vijijini Iringa, mbele ya mizani ya kupimia watoto.

Mwalimu Nyerere alikuwa anakaribia kung'atuka. Sabuni ilikuwa ya kubahatisha, sukari ya foleni, na shilingi ikipungua nguvu mwaka hadi mwaka. Mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983, wa serikali pamoja na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, ulishika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu akina mama walikusanyika na watoto wao migongoni. Harufu za siku hizo ninazo hadi leo: moshi wa kuni ulioshika kwenye khanga, jasho la safari, na uji uliotiwa kimea cha ulezi ukitokota pembeni. Mtoto ananing'inizwa, analia, uzito unatajwa kwa sauti, nukta inatiwa kwenye kadi. Nukta ikiangukia kwenye eneo jekundu, uso wa mama unabadilika kabla hajaambiwa neno.

Kilichonifunza kazi si mizani, ni kilichofuata. Matokeo hayakupelekwa kwanza mjini. Kamati ya afya ya kijiji iliyajadili palepale. Kwa nini mtoto huyu hapandi uzito? Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anakula mara mbili tu kwa siku. Basi wanakijiji wanapanga nani awalee watoto mchana na chakula kitoke wapi, na baada ya miezi mitatu wanapima tena waone kama dawa imeingia. Kufikia mwaka 1988, utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Baadaye nikawa naongoza wadodosaji, na zama zikaleta ukali mwingine wa ushahidi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulipojaribu ruzuku za fedha Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuanzia mwaka 2010, vijiji 80 viligawanywa kwa kura: 40 vilianza kupokea, 40 vikasubiri ili vilinganishwe. Kaya ilipata kati ya dola 12 na 36 kila miezi miwili. Wengi walihofia fedha zitaishia kilabuni. Ulinganisho ukaonyesha kaya zimekata bima ya afya ya jamii, zimenunua kuku na mbuzi, na watoto wamevaa viatu. Mahudhurio ya zahanati yalipanda, kisha yakashuka; anayetazama mahudhurio peke yake angesema mpango umefeli, kumbe watoto wadogo walikuwa wanaugua kidogo kuliko zamani.

Kura ile naiheshimu sana, kwa maana bila wa kulinganisha naye, kila mradi hujisifu kwa mvua iliyonyesha yenyewe. Lakini jedwali halikwambii kwa nini; hilo analijua mama mwenye kadi. Kwa hiyo ukimaliza dodoso lako Kamsamba au hapa Chitete, usikimbilie gari. Rudi na matokeo, wasomee wanakijiji kwa Kiswahili chepesi, na wakikubishia, kaa chini uwasikilize hadi mwisho, kisha uandike na ubishi wao ndani ya ripoti.