Mkungu Uliorudi

Julai 1989 makubaliano ya mgawo wa kahawa katika soko la dunia yalivunjika, bei ikaporomoka. Sisi wakulima wa kahawa kule Machame habari za London na New York hatukuwa nazo. Tulichokiona ni baba, msimu uliofuata, akirudi kutoka chama cha msingi. Aliketi kwenye kigoda, akakunja risiti mara nne, akaisukumiza ndani ya mfuko wa koti lake la kunyunyizia dawa, lile lenye madoa ya bluu ya mrututu. Hakusema neno. Mimi nilikuwa nimepata nafasi katika sekondari ya kanisa, Januari inakuja, na ada haipo.

Kila usiku mama alituongoza kusali, kibatari kikiwa katikati yetu. Nilikuwa na miaka 14, na moyoni nilikuwa na ombi moja tu: Mungu anionyeshe. Hata fedha asinipe, ila anionyeshe, hata kwa ndoto, kama nitakwenda shule au sitakwenda. Niliamini kwamba mwenye imani ni yule anayejua mapema. Mama hakuomba hivyo. Alifunga kwa Baba Yetu, na akifika kwenye neno "leo" alipunguza mwendo, kama mtu anayepita darajani na mzigo kichwani.

Jumapili moja alikata mkungu wa ndizi mshare, mkubwa kuliko yote iliyokuwa kihambani, shamba letu la nyumbani, akaupeleka kuwa sadaka. Nilikasirika, mkungu ule ungeuzwa sokoni. Baada ya ibada, kama desturi yetu Walutheri, mazao yalinadiwa nje ya kanisa. Mzee wa kanisa akainua mkungu, watu wakashindana, na aliyeshinda akalipa kisha akasema, "Mrudishieni mama aliyeuleta." Nikaubeba mimi mwenyewe hadi nyumbani. Mama akakata chane tatu, akanituma kwa jirani yetu mjane.

Niliporudi nikamuuliza, "Mama, ulijua utarudi?"

Akacheka. "Ningejua, baba, ingekuwa sadaka hiyo?"

Shule nilikwenda, nikiwa nimechelewa wiki tatu, baada ya mjomba kuuza mbuzi. Mdogo wangu wa kike, zamu yake ilipofika, ada ilikosekana kabisa, naye akabaki nyumbani. Mama alilia. Usiku akasali sala ile ile, na kwenye "leo" akapunguza mwendo vile vile. Hilo ndilo lililonichukua miaka mingi kulielewa, maana mimi nilidhani amani yake ilitoka kwenye mkungu uliorudi.

Mwaka jana mkataba wangu wa kazi hapa Dar es Salaam uliisha, haukuongezwa. Nikawa mtu wa kuamka saa nane za usiku, natoa simu, nagawanya akiba kwa kodi ya nyumba, nahesabu miezi. Kisha nasali sala yangu ya utotoni: nionyeshe. Usiku mmoja maneno yaliniishia, nikashika Baba Yetu kwa sababu ndiyo isiyohitaji kutungwa. Nilipofika kwenye "leo", mwendo ukapungua wenyewe. Nikagundua jambo nililolipita maisha yangu yote: sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake haina neno "kesho". Leo, je? Unga upo. Kodi imelipwa hadi mwisho wa mwezi. Watoto wamelala. Nikaizima simu.

Hofu ilirudi kesho yake, na bado huja. Siku hizi naipokea kama mgeni aliyekosea nyumba: namsalimu, namwelekeza njia.

Kazi nyingine sijapata. Jumapili iliyopita nilipeleka trei ya mayai mnadani. Kijana nisiyemjua aliinunua, akaifunga nyuma ya pikipiki yake, akaondoka nayo. Haikurudi, wala sikuisubiri.