Fremu ya chuma au ya alumini? Usiulize uzito peke yake

Leo naweka kando mambo ya programu na seva tuzungumzie baiskeli. Nimekuwa nikitafuta mbili kwa mpigo. Moja ni yangu, ya kwenda kazini kutoka South B hadi Upper Hill. Nyingine ni ya mdogo wangu aliye Ol Kalou, ambaye kila alfajiri hupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea. Bajeti ni Sh 15,000 kwa kila moja, na kwa pesa hizo wauzaji wa mtumba wana wimbo mmoja: "Chukua hii, bosi, ni alumini, ni nyepesi!"

Sasa mimi ni mtu wa kupima kwanza. Nilibeba mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, pamoja na sumaku niliyoitoa kwenye diski kuu iliyokufa, nikaanza kuzunguka.

Tuanze na sumaku, maana rangi na vibandiko havina kiapo. Sumaku ikinasa, fremu ni chuma. Isiponasa, kwa bei hizi hiyo ni alumini. Jaribu pia uma wa mbele, kwani fremu nyingi za alumini za bei nafuu zina uma wa chuma. Niliona fremu mbili zenye kibandiko cha alumini, na zote mbili ziliinasa sumaku barabara.

Jambo ambalo sumaku haitakuambia ni aina ya chuma. Fremu za bei ya chini huwa za chuma cha kawaida, kile ambacho kibandiko hukiita Hi-Ten. Zile bora ni za kromoli, na mara nyingi huandikwa 4130. Uzito wa chuma chenyewe ni karibu sawa kwa zote mbili: sentimita moja ya ujazo ni gramu 7.8 hivi. Tofauti ni nguvu. Kromoli ina nguvu zaidi, kwa hiyo kiwanda kinaweza kutumia bomba lenye ukuta mwembamba, na hapo ndipo gramu zinapopungua. Ukipata kromoli ya mtumba iliyo nzima, usiiache.

Na alumini je? Sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, yaani karibu thuluthi moja ya chuma. Lakini ukakamavu wake nao ni karibu thuluthi moja ya ule wa chuma! Kilo kwa kilo, wanatoka sare. Siri ya alumini iko kwenye unene wa bomba. Ukiongeza kipenyo cha bomba mara mbili na kupunguza ukuta wake kwa nusu, uzito unabaki ule ule lakini ukakamavu unapanda takriban mara nne. Ndiyo maana mabomba ya alumini ni manene. Ukifanya hivyo kwa chuma, ukuta unakuwa mwembamba mno, na bomba litabonyea kama mkebe wa soda.

Fremu za kaboni sizigusii sana. Kwa Sh 15,000 ukiuziwa kaboni, jiulize imetoka wapi na imeanguka mara ngapi. Ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi.

Haya, twende kwenye mizani. Fundi mmoja alikuwa na baiskeli alizozifungua, akaniruhusu nipime vipande. Fremu ya chuma cha kawaida: kilo 3.1. Fremu ya alumini ya kimo kile kile: kilo 1.9. Tofauti ni kilo 1.2. Kisha nikapima uma. Ule wenye springi za bei rahisi: kilo 2.7. Uma wa chuma usio na springi: kilo 1.1. Tofauti ni kilo 1.6! Umeona? Kuachana na springi kulipunguza uzito kuliko kubadilisha fremu nzima. Na springi hizo za bei rahisi mara nyingi zimekwama kwa kutu, kwa hiyo unabeba mzigo usiofanya kazi.

Kilo 1.2 zina maana gani barabarani? Mimi nina kilo 72, baiskeli 15, begi lenye kompyuta 3. Jumla 90. Nikiondoa 1.2 nimepunguza asilimia 1.3. Mlima unaonichukua dakika 10 nitaupanda sekunde 8 hivi mapema, kama nguvu zangu ni zile zile. Kwenye tambarare sitaona tofauti, kwani pale adui ni upepo na tairi. Tairi lisilo na pumzi ya kutosha litakurudisha nyuma kuliko fremu ya chuma.

Kama ni hivyo, kwa nini nisumbuke na aina ya fremu? Kwa sababu ya siku itakayopasuka. Nilimwuliza yule fundi, huku nikimwonyesha kiungo cha chini karibu na pedali.

"Fundi, hapa pakipata ufa utaweza kuunga?"

"Ya chuma lete hata usiku. Hii ya alumini, kijana, ukiipiga moto inatiririka kabla hata haijabadilika rangi. Sitakudanganya."

Yuko sawa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ngozi ya oksidi iliyoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Kuiunga vizuri kunataka mtambo wa umeme wenye gesi ya agoni. Hata hapo, alumini ya 6061 hupoteza nguvu kando ya kiungo hadi ipashwe joto tena katika tanuri maalumu. Chuma huungwa kwa gesi na vijiti vya shaba, kazi ambayo mafundi wa jua kali wanaijua.

Kuna na jambo la uchovu. Chuma kikibebeshwa chini ya kiwango fulani kinaweza kuvumilia mitikisiko bila hesabu. Alumini haina kiwango hicho: kila shimo la barabara huandikwa kwenye daftari. Fremu nzuri ya alumini hudumu miaka mingi, lakini ya mtumba imekuja na daftari ambalo hujalisoma.

Kwetu waandishi wa programu, chuma ni kama programu huria: mwenye ujuzi yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha. Alumini ni programu iliyofungwa. Inafanya kazi safi, na siku ikikwama unasubiri toleo jipya, yaani fremu mpya.

Basi nikaamua hivi. Mdogo wangu hubeba mitungi miwili ya lita 20, zaidi ya kilo 40 za maziwa, kwenye barabara ya mawe. Baiskeli ikilala siku tatu, maziwa yanaganda na karo ya watoto inachelewa. Yeye nimemchukulia ya chuma, uma bila springi, na karia iliyochomelewa kwenye fremu. Sikuvumbua kitu. Boda boda wa Busia katika miaka ya 1960 walivusha watu mpakani kwa baiskeli za chuma. Mimi ninayebeba kompyuta tu, juu ya lami, na kupandisha baiskeli ngazi za ghorofa ya tatu kila jioni, nimechukua alumini.

Kabla hujalipa, fanya haya:

1. Futa vumbi, kisha kagua viungo vya shingo, vya pedali na vya gurudumu la nyuma. Mstari mwembamba kwenye rangi huenda ni ufa.
2. Chomoa nguzo ya kiti. Ikikataa kutoka, kutu imeifunga. Kwa chuma, chungulia ndani, hasa kama baiskeli imekaa Pwani.
3. Kwa alumini, hakikisha kishikio cha kibadilisha giya kinafunguliwa kwa skrubu. Kikipinda, unabadilisha hicho tu.
4. Inua baiskeli nzima, si fremu tu.

Halafu muulize fundi wa mtaani kwenu, kabla ya kumuuliza muuzaji. Yeye ndiye mtakayeonana tena.