Siku Tatu za Tanga kwa Mfuko Mwepesi

Tanga ni mji wa bandari ulioko kaskazini mwa pwani ya Tanzania, kilomita zipatazo 350 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Kwa msafiri asiye na fedha nyingi una faida kubwa: vivutio vyake vingi vinafikika kwa baiskeli au kwa daladala moja, na wenyeji hawana mazoea ya kupandisha bei kila wanaposikia lafudhi ya ugenini. Unafuu huo una asili yake. Zao moja, mkonge, liliujenga mji, kisha likaanguka na kuuacha na barabara pana kuliko magari yake. Simulizi hii inafuata safari ya siku tatu ambayo mwandishi na rafiki yake, wote wakazi wa Dar es Salaam, waliifanya kwa shilingi 180,000 za watu wawili.

Karibu nusu ya fedha hizo iliishia kwenye nauli ya kwenda na kurudi. Mabasi ya Tanga hupitia Chalinze, hukata kuelekea kaskazini, na kufika Segera, ambako njia inagawanyika: moja kwenda Korogwe, Moshi na Arusha, nyingine Muheza na Tanga. Vituo vya kula vya njia kuu vina tabia moja nchi nzima, ya kumuuzia abiria chipsi kana kwamba viazi vililetwa kwa ndege. Wawili hawa walikuwa na mkate na mayai ya kuchemsha kwenye begi, yakabaki machungwa tu. Mkoa wa Tanga ni nchi ya machungwa, hasa wilaya ya Muheza, na wauzaji huyapandisha mpaka dirishani yakiwa yamekwisha menywa.

Njia ya kuingia mjini inapita kando ya mashamba ya mkonge: mistari iliyonyooka ya majani magumu yenye ncha kali, inayoendelea mpaka jicho lichoke. Mmea huu si wa Afrika. Asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanganyika. Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga kuelekea bara. Reli ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kazi ya kukata majani na kuyapitisha kwenye korona, mashine inayoyasaga na kubakiza nyuzi, ilifanywa kwa sehemu kubwa na manamba, vibarua wa mkataba waliotolewa mbali: Kigoma, Songea, hata Burundi. Wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana mji huu wa Wadigo, Wabondei na Wasegeju una majina ya ukoo ya kila pembe ya nchi. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, ikiwa inaongoza duniani. Kisha kamba za plastiki na nailoni zikaiua bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa hauvuki sana tani 20,000. Bandari na reli zikakosa mzigo, mji ukatulia.

Utulivu huo unaonekana tangu stendi ya Kange, nje kidogo ya mji, ambako basi hushusha. Wapiga debe wapo, lakini hawavuti mtu begi. Daladala iliwafikisha Ngamiani, mtaa wa zamani uliopimwa kwa mistari kama daftari la hesabu, ambao barabara zake zinaitwa kwa namba. Mtu wa Tanga akiulizwa anakaa wapi hujibu "barabara ya nane" na mazungumzo yanaendelea. Gesti iliyopatikana ilikuwa na chumba cha vitanda viwili, feni, chandarua kilichotobolewa sehemu moja na kufungwa fundo, na maji ya ndoo. Kwa bei yake haikuwa na la kulalamikiwa, isipokuwa jogoo wa jirani aliyeamini kwamba alfajiri ni saa tisa usiku.

Kifungua kinywa cha Ngamiani kinastahili maelezo marefu kuliko gesti. Asubuhi ya pili waliketi kwenye benchi la mama mmoja aliyekuwa na sufuria ya mbaazi za nazi na beseni la mahamri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbaazi zenyewe au na mahamri?"

Swali hilo ni la adabu tu, maana hakuna anayejibu mbaazi zenyewe. Mahamri mawili, bakuli la mbaazi na chai ya tangawizi viligharimu chini ya soda moja ya hotelini, na vikatosha mpaka alasiri.

Fundi wa baiskeli wa jirani aliwakodisha mbili kwa siku nzima, akiweka kitambulisho kimoja kama dhamana. Tanga ni mji tambarare, na baiskeli bado ni chombo cha watu wazima wenye shughuli zao. Ukivuka reli kutoka Ngamiani unaingia sehemu ya kale ya serikali na biashara: mnara wa saa wa mwaka 1901, boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi, nyumba za Wahindi zenye roshani za mbao, na kituo cha reli. Makumbusho ni madogo, kiingilio chake kwa Mtanzania ni kidogo pia, na picha zake za zamani za bandari zikiwa na marobota ya mkonge zinaeleza mji vizuri kuliko kibao chochote.

Barabara ya ufukweni inaelekea Raskazone, kupitia hospitali ya Bombo na jengo lake la enzi ya Wajerumani linalotazama bahari. Hapa ndipo majeshi ya Uingereza yaliposhuka Novemba 1914, askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakitarajia kuuteka mji kwa asubuhi moja. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwakabili akiwa na watu wapatao 1,000, sehemu kubwa askari Waafrika, ambao aliwaongezea nguvu kwa kuwaleta wengine kwa reli kutoka Moshi. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwauma watu wa pande zote mbili, na kisa hicho kikakumbukwa kuliko mpango wa vita wenyewe. Tarehe 5 Novemba Waingereza walirudi melini na kuacha silaha nyingi ufukweni. Nyuki hawakuamua vita hivyo, ingawa kila msimuliaji hupenda iwe hivyo. Reli ndiyo iliyoamua. Mbele ya ufukwe kinaonekana kisiwa cha Toten, jina la Kijerumani linalohusu wafu. Mwenye mashua alitaja bei ya kuwavusha, rafiki akahesabu noti, na kisiwa kikaendelea kutazamwa kwa mbali.

Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, karibu na kijiji cha Kiomoni, kwenye barabara ya kwenda Horohoro na Mombasa. Umbali huo ni mdogo kwa baiskeli nzima. Mnyororo wa ile ya rafiki ulichomoka mara tatu kabla ya kufika, na mara ya tatu mtoto wa shule aliurudisha kwa kijiti bila kushika grisi, akaondoka bila kungoja asante. Mapango yalichongwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa wa enzi za Jurasi. Yako kumi, na moja tu ndilo hutembezwa wageni. Kiongozi huenda mbele na tochi, akionya kila mara, "Angalieni vichwa kaka zangu," kwa sababu baadhi ya vipenyo vinamtaka mtu mzima atambae. Popo wamejaa darini. Katika chumba kimoja watu huacha chupa za marashi, vitambaa na sarafu kwa ajili ya mizimu, na kiongozi hapo hushusha sauti hata kama muda mfupi kabla alikuwa anatania. Wenyeji husimulia kwamba pango linafika Mombasa, au Kilimanjaro. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walioyachunguza mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 tu. Kiongozi aliyajua matokeo hayo, na alisimulia ya Mombasa kwanza.

Siku ya tatu ilikuwa ya kusini. Daladala ya Pangani hupita Machui, eneo alikozaliwa mshairi Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa mwaka 1962, kisha hufika Tongoni. Tongo ni mahali palipohamwa, na jina linasema kweli: ni mabaki ya msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa na nguzo zilizokwisha kuanguka. Mji huo ulistawi karne ya 15 kwa biashara ya bahari, ukijulikana kama Mtangata. Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498 na akarudi mwaka 1499, akiwa na mabaharia wachache mno kuendesha meli zote. Meli ya São Rafael ikateketezwa kwa moto karibu na ufukwe huu.

Mlinzi wa makaburi aliandika majina ya wasafiri wawili kwenye daftari, akawapa risiti, akarudi kwenye kivuli cha mbuyu. Kwa saa nzima hapakuja mgeni mwingine. Tiketi za kurudi Dar zilikuwa za saa nane mchana, na barabarani hapakuwa na gari. Daladala ilitokea saa sita kasorobo, abiria wakining'inia mlangoni, na kondakta akasema nafasi ipo.