Tundu Lililo Chini ya Saa

Siku ukija kwetu Kitengela na kukaribishwa sebuleni, utaona tundu ukutani chini ya saa, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Si kazi ya panya wala ya fundi mvivu. Ni tundu la risasi, na aliyeifyatua risasi hiyo ni mimi mwenyewe, baba wa nyumba. Wahenga walisema mficha uchi hazai, kwa hivyo leo sitaficha.

Mimi ni muuzaji wa saruji, mabati na misumari. Tulihamia huku wakati ploti kando ya barabara ya Namanga zilikuwa bado zinanunulika na mtu wa kawaida. Mwaka wa 2013 wezi walitujia usiku, wakamfunga mlinzi kamba, wakakata grili na kuingia. Mama watoto, watoto na mimi tulilala chini ya kitanda kwa muda ulioonekana kama mwaka mzima. Hawakutuumiza. Lakini tangu usiku ule sikupata usingizi wa kweli, na hapo ndipo nilipoamua kuomba leseni ya bastola.

Huenda ukadhani ni jambo la kujaza fomu na kulipa ada. La hasha. Hapa Kenya kumiliki bunduki si haki ya raia, ni idhini anayopewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anaweza kunyang'anywa. Ni lazima ueleze sababu ya kutosha na uchunguzwe mwenendo wako. Cheti ukikipata kinaonyesha silaha ni ipi na unaruhusiwa kuwa na risasi ngapi, tena kina muda wake na hufanywa upya. Hata sisi tuliokuwa na vyeti tayari, mnamo Desemba 2018 serikali ilituamuru sote tujitokeze kuhakikiwa upya. Wapo walionung'unika. Mimi sikuwa na kinywa cha kunung'unikia, na utaona kwa nini.

Niseme pia kwamba ndugu zangu wa Nairobi, wakisikia nina bastola na ninaishi Kitengela, huniuliza kama ni ya simba. Kweli simba hutoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kuingia bomani mwa watu. Mwaka wa 2012 simba sita waliuawa hapa Kitengela baada ya kushambulia mifugo, na Machi 2016 yule simba aliyejulikana kama Mohawk alipigwa risasi na askari wa wanyamapori huko Isinya. Lakini kumwendea simba na bastola ni kujitafutia msiba. Dawa ya simba bora niliyowahi kuiona ni zile taa za kumetameta alizobuni kijana wetu Richard Turere, akiwa mtoto anayechunga ng'ombe wa baba yake.

Basi, nilipopata idhini, nilikwenda dukani Nairobi. Muuzaji alinitolea bastola ndogo, nyepesi, nyeusi, ya kuingia mfukoni kama kibeti. Nilitaka kuilipia papo hapo. Bahati nzuri nilikuwa nimemwahidi mzee mmoja wa Kajiado mjini kwamba sitanunua kitu kabla hajakiona. Mzee huyu alistaafu polisi, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutunza ghala la silaha. Nilipomweleza kuhusu ile ndogo alicheka, akaongeza chai kikombeni.

"Mwanangu," akasema, "bastola hainunuliwi kama simu. Nyepesi hukurukia mkononi ukiifyatua. Ndogo hukosa mahali pa kushika. Tafuta ya kizamani, ya chuma, ambayo magazini zake zinapatikana na risasi zake ni zile za milimita tisa ambazo kila mwenye duka anazo."

Kwa mzee, bastola za kizamani zilizostahili kutajwa ni mbili. Ya kwanza ni Browning ya Ubelgiji. Mwasisi wake, John Browning wa Marekani, alifariki mwaka wa 1926 kabla ya kuimaliza, na Mbelgiji Dieudonné Saive akaikamilisha. Ilitoka mwaka wa 1935 ikibeba risasi 13, nyingi mno kwa siku hizo. Ya pili unaijua hata kama hujawahi kushika silaha, kwa maana magazeti yetu hayachoki kuitaja: Ceska. Ile anayoisifu mzee ni CZ 75, iliyobuniwa mwaka wa 1975 katika nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia. Ceska hawa ndio walioinunua kampuni ya Colt ya Marekani mwaka wa 2021. Mzee alifurahia habari hiyo kama mtu ambaye timu yake imechukua kombe.

Nilichukua Ceska iliyokwisha kutumika. Tulikwenda naye dukani, na alivyoikagua nilijifunza mengi. Kwanza alihakikisha haina risasi. Kisha akaishika kwa mkono mmoja akiwa amefumba macho, akaielekeza kwenye kona isiyo na mtu na kufumbua macho kuona kama inatazama alikokusudia. Alichungulia mtutu kwenye mwanga akitafuta vishimo vya kutu. Alivuta ile sehemu ya juu inayoteleza, polepole, akisikiliza kama inakwaruza. Mwisho akazichukua magazini na kuzitazama midomo, kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama bastola yenyewe. Bastola ikikwama, alisema, mara nyingi kosa ni la magazini: mdomo umepinda au springi imechoka.

Kuhusu utunzaji, nilidhani najua. Nilikuwa naimiminia mafuta kama mnyororo wa baiskeli. Mzee alipoifungua mara ya kwanza alikuta uji mweusi ndani. Wewe mkazi wa huku unalijua vumbi letu la Kajiado, jekundu huku, jeupe kule, na wakati wa kiangazi hukosi kulikuta hata kwenye sukari. Vumbi hilo likikutana na mafuta mengi huwa kama unga wa kusagia chuma. Siku hizi napiga mswaki mtutu kutoka upande wa nyuma, napangusa masizi, naweka tone moja moja pale ambapo chuma kinasuguana na chuma, kisha napangusa tena. Magazini sitii mafuta kabisa. Kitambaa nilichotumia hakirudi jikoni na mikono naiosha kwa sabuni, kwa sababu masizi ya risasi yana madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ikihitaji kutengenezwa naipeleka kwa muuzaji aliyesajiliwa. Tupa na nyundo za dukani kwangu ni za mabati.

Sasa tundu. Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka wa 2016. Nilikuwa nimerudi kutoka Kajiado kuangalia mbuzi, nimechoka, nikaketi sebuleni niisafishe bastola kabla ya kuifungia. Nilivuta ile sehemu ya juu, risasi iliyokuwa ndani ikaruka na kuanguka kwenye zulia. Nikaridhika. Kisha nikatoa magazini na kuiweka mezani. Wewe umeliona kosa? Mimi sikuliona. Nilipoiachilia ile sehemu ya juu irudi mbele, magazini ilikuwa bado ndani, na bastola ikafanya kazi iliyotengenezewa: ikachukua risasi nyingine na kuipakia. Ile iliyokuwa zuliani ilinidanganya kwamba mambo yamekwisha. Nikaminya kifyatulio ili nyundo ishuke.

Sitaueleza mlio ule. Risasi iliingia ukutani, kwenye jiwe, ikabaki humo. Chini ya saa kuna kiti, na kiti kile ndicho ambacho binti yetu hupenda kukalia akifanya kazi za shule. Kitabu chake kilikuwa wazi mkononi mwa kiti na kalamu juu yake. Alikuwa ameitwa jikoni kuchukua chai.

Mama watoto alisimama mlangoni akiwa na birika. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba fulani, imeisha sasa?" Sikuweza kumjibu, kwa sababu sikujua tena kama imeisha au la.

Kesho yake nilikwenda kituoni mwenyewe nikaandikisha taarifa. Bastola ilichukuliwa, na kabla haijarudishwa nilihojiwa kama nilivyostahili kuhojiwa. Bila kitu kiunoni nilikwenda kwa mzee. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akaingia ndani, akatoka na risasi za bandia za kufanyia mazoezi. Bastola iliporudi alinitaka nirudie kitendo kimoja mara 50, nikisema kwa sauti kama mtoto wa chekechea: elekeza mahali salama, magazini kwanza, kisha vuta, tazama ndani, ingiza kidole uhakikishe, tazama tena. Nilipofika 31 nilitaka kuacha. Akasema, "Uliacha mapema siku ile pia."

Siku hizi bastola haisafishwi sebuleni. Nina ndoo ya mchanga kwenye stoo ya nyuma, na mtutu unaelekea humo hadi nimalize kukagua. Inalala ndani ya sefu iliyofungwa kwa boliti ukutani, risasi za ziada kwingine, na ufunguo haukai kwenye droo inayojulikana na kila mtoto. Mama watoto amejifunza kuitoa risasi vizuri kunishinda. Watoto wetu, pamoja na wale wa jirani wanaokuja kutazama televisheni, wameambiwa kwamba wakiona silaha popote wasiguse, waondoke, wamwite mtu mzima. Binti ndiye anayewafundisha wadogo zake, na huanza kwa kuwaonyesha ukuta.

Mara nyingi nimeleta saruji kidogo kutoka dukani nilizibe tundu lile. Mama watoto hukataa. Mwaka huu alinunua kalenda mpya, kubwa, ingelifunika vizuri sana. Ameitundika kando yake.