Tununue Matunda ya Msimu



Ramadhani ya mwaka 2015 iliangukia Juni na Julai. Sisi hapa Tanga tulinunua epo za Afrika Kusini kwa futari, huku machungwa ya Muheza yakiwa tele sokoni. Epo moja tuliigawa vipande vinne, na jirani yetu mjane hatukumpelekea kitu. Tuliona haya, kwani Allah (S.W.) ametukataza israfu katika Surat Al-A'raf, aya ya 31.

Tangu hapo tunafuata msimu: machungwa katikati ya mwaka, maembe Desemba na Januari. Bei huwa nafuu, na sahani ya jirani haikosekani.

Nanyi mkitumwa sokoni, ulizeni kwanza ni msimu wa nini. Fedha itakayobaki itamfuturisha mwingine.